Siku Ezironi Alipotaka Kuvunja Mfupa

Jumatatu, tarehe 6 Februari 2017, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jamidah alishindwa kuinua jerikani ya maji kwa mkono wa kulia. Ilikuwa jerikani ndogo ya lita kumi, ileile aliyoibeba kila siku kutoka bombani hadi nyumbani kwao Bwera, mji wa Uganda karibu na mpaka wa Kongo. Aliichukua kwa mkono wa kushoto, akamwaga karibu nusu njiani, akafika.

Jamidah alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita. Maumivu yalianza katika likizo ya Desemba, chini kidogo ya bega. Mchana yalipungua, lakini usiku yalimwamsha. Hakukumbuka kuanguka wala kugongwa.

Shangazi yake, Nasifah, ndiye aliyesimamia nyumba tangu mama yake Jamidah alipofariki. Aliitazama jerikani, kisha akautazama mkono.

"Ulianguka wapi?"

"Sikuanguka, shangazi. Unauma tu."

"Unauma tu! Mkono hauumi bure, mwanangu. Kinachouma bure ni uvivu, na dawa ya uvivu ninayo."

Nasifah hakuwa amesoma lolote kuhusu magonjwa, na jambo hilo halikumzuia kuyaamua. Kwa siku mbili aliuita mkono ule "mkono wa malkia". Majirani walicheka. Hakuna aliyeuliza swali la pili.

Jumatano Jamidah aliwapa walichokuwa wakikitaka, yaani sababu. "Jana nilianguka kwenye pikipiki ya Shafic nikitoka shule," alisema.

Alimchagua Shafic kwa hesabu ndogo na mbaya. Shafic alikuwa dereva wa boda boda aliyekulia Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na hakuwa na ndugu Bwera wa kumtetea.

Mara moja kila mtu akawa mpole. Mkono wa malkia ukawa mkono wa mtoto maskini. Baba yake, Ziyad, aliyesafirisha bidhaa kwa lori kati ya Mpondwe na Kasese, alikwenda kituo cha boda boda akiwa na hasira.

"Unamwangusha mtoto wangu halafu unanyamaza?"

"Mzee, miye sikubeba huyo mutoto," Shafic alijibu. "Pikipiki yangu iko Kasese kwa polisi tangu Ijumaa. Natembea na miguu! Angalia, karatasi iko hapa."

"Weka karatasi yako!"

Ziyad hakuitazama. Mtu huyu hakuwahi kupitisha gunia moja la kahawa bila hati yenye muhuri, lakini siku ile alikataa kusoma hati moja. Madereva wenzake Shafic, ambao walijua vizuri kwamba pikipiki yake haikuonekana kituoni wiki nzima, walitazama chini. Kisha walimfukuza ili kituo chao kisipate jina baya. Shafic alihamia Kinyamaseke.

Kwa kuwa sasa kulikuwa na ajali, ilibidi kuwe na mvunjiko, na kwa kuwa kulikuwa na mvunjiko, Jamidah alipelekwa Munkunyu kwa Ezironi, fundi wa kukanda na kuunga mifupa. Ezironi hakuwa mwongo. Alikuwa kitu cha hatari zaidi, mtu mwenye jibu kabla ya kusikia swali. Alimpokea kila mgonjwa kwa maneno yaleyale: "Sema ulianguka wapi, mikono yangu itasema mengine." Aliyetaja mahali alikandwa kwa majani ya mgomba yaliyochemshwa, kisha akafungwa vijiti vya matete.

Jamidah alikandwa Jumamosi saba mfululizo. Kila Jumamosi uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko Jumamosi iliyotangulia. Rafiki yake Biira, aliyekaa naye dawati moja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema lililoonekana.

"Mimi nilivunjika mkono darasa la nne," Biira alisema. "Uvimbe ulipungua. Wako unapanda kama unga wa mandazi. Huyo mzee anakutibu au anakulisha?"

"Yeye ndiye anayejua."

"Anajua nini? Ulianguka kweli, wewe?"

Jamidah alifungua daftari kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi ya saba Ezironi aliubonyeza uvimbe, akatikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa na mfupa wenyewe. "Mufupa iliungana vibaya," alimwambia Ziyad. "Mulete Ijumaa. Nitavunja tena, niunge sawasawa."

Ijumaa, tarehe 31 Machi, saa tatu asubuhi, Jamidah alikalishwa kwenye mkeka uani kwa Ezironi. Vijana wawili walimshika mabega. Chini ya mkono wake waliweka kipande cha gogo kilichofungwa kitambaa. Ezironi alikunja mikono ya shati.

"Baba, sikuanguka," Jamidah alimwambia Ziyad, aliyesimama kando.

"Vumilia, mwanangu."

"Sikuanguka! Siku ile sikupanda pikipiki yoyote. Nilitembea. Shafic nilimsingizia. Mkono ulianza kuuma Desemba wenyewe."

Ezironi alicheka kidogo. "Wanaogopa. Wote wanasemaka hivyo wakiona gogo. Mushike."

Hapo ndipo uongo wa wiki saba ulipoonyesha nguvu yake. Jamidah alipodanganya aliaminiwa na watu wote, na sasa aliposema kweli hakuaminiwa na yeyote. Alibakiwa na kitu kimoja tu ambacho hakikutegemea neno lake.

"Muulize Shafic," alisema. "Alikuwa na karatasi ya polisi. Wewe ulikataa kuisoma."

Ziyad aliinua mkono. "Ngoja, mzee."

"Dawa inapoa."

"Basi ipoe."

Alipata namba kwa madereva wa Bwera, akampigia Shafic simu na kumwomba alete karatasi. Kinyamaseke si mbali na Munkunyu, na baada ya dakika ishirini na tano Shafic aliingia uani na pikipiki yake. Hakusalimia kwa furaha, na hakuwa na sababu ya kufurahi. Alitoa karatasi kutoka mfuko wa ndani wa koti, akamkabidhi Ziyad. Ilikuwa na muhuri wa polisi na tarehe mbili. Pikipiki ilishikiliwa kwa kosa la kukosa leseni tarehe 3 Februari, ikaachiliwa tarehe 10. Ajali ya Jamidah ilidaiwa kutokea tarehe 7.

Ziyad aliisoma mara mbili, kama alivyosoma hati zote.

"Karatasi haioni mufupa," Ezironi alisema.

"Wala mikono yako," Ziyad alijibu. "Mtoto hakuanguka. Umekuwa ukiunga kitu gani?"

Ezironi alikunjua mikono ya shati.

Saa nane mchana walikuwa hospitalini Kasese. Daktari Kobusingye, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno, aliiweka picha ya eksirei kwenye taa. Hapakuwa na mvunjiko. Sehemu ya juu ya mfupa ilionekana kama imeliwa, na mfupa mpya usio na mpangilio ulikuwa umechomoza kando.

"Ulianguka?" aliuliza.

"Hapana."

"Vizuri. Nani ameukanda?"

Ziyad alieleza. Daktari alimsikiliza hadi mwisho.

"Mzee, lori lako likitoa kelele chini, unalipeleka wapi?"

"Kwa makanika."

"Akilifunika kwa majani ya mgomba bila kulitazama chini, utarudi kwake mara saba?"

Ziyad alitikisa kichwa.

"Lori umeliheshimu zaidi. Inawezekana hii ni saratani ya mfupa. Mfupa wa namna hii ukivunjwa, seli za saratani humwagika kwenye nyama inayouzunguka, na kuuokoa mkono kunakuwa kugumu sana. Nendeni Kampala kesho. Msisubiri Jumatatu."

Kampala walichukua kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano nene na kukipima. Jibu lilikuwa lilelile alilolihofia Kobusingye. Jamidah alitiwa dawa za saratani kwenye mshipa kwa wiki kumi. Nywele zilinyonyoka, alitapika, akakonda. Bwera watu wa sokoni, wanaojua sababu ya kila ugonjwa, walitangaza kwamba amerogwa. Wengine walisema ni laana ya Shafic. Hakuna hata mmoja wao aliyeiona picha.

Mwanzoni mwa Julai Daktari Mugenyi, mpasuaji, alizungumza nao.

"Mtaukata mkono?" Ziyad aliuliza.

"Tutakata mfupa. Mkono tutajitahidi kuubakiza. Dawa zimeupunguza uvimbe, na haujaizunguka mishipa ya damu wala ya fahamu. Tutatoa sehemu mbovu ya mfupa pamoja na nyama kidogo nzima inayouzunguka. Mahali pake tutaweka kipande cha mfupa mwembamba wa mguu wako, tukifunge kwa bamba la chuma na skrubu."

"Utakuwa kama zamani?" Jamidah aliuliza.

"Hapana. Hutauinua juu ya bega. Kiwiko na vidole vitafanya kazi. Nikikuta saratani imeshika mishipa, nitaukata wote. Nakwambia sasa ili usije ukasema ulidanganywa."

"Sawa," alisema Jamidah.

Upasuaji ulifanyika Jumatatu, tarehe 10 Julai, kwa saa saba. Alipozinduka alitazama kulia. Mkono ulikuwepo, umefungwa bandeji hadi shingoni. Muuguzi alimwambia achezeshe vidole, vikacheza vyote vitano. Baada ya wiki mbili maabara ilithibitisha kwamba kingo za nyama iliyotolewa hazikuwa na saratani. Dawa ziliendelea hadi Desemba.

Tarehe 15 Januari 2018 picha ya kifua ilionekana safi, na mfupa uliopandikizwa ulikuwa umeanza kushikana. Wakirudi kutoka Kampala walipita Kasese kumwonyesha Kobusingye majibu. Shangazi Nasifah alikuwepo pia. Daktari alisoma kila ukurasa.

"Saratani hii inaweza kurudi," alimwambia Jamidah, "kwa hiyo utapimwa kila baada ya miezi mitatu. Sasa nisikilize. Uongo wako haukuleta saratani. Ulileta wiki saba za Ezironi, na ulimnyang'anya mtu mahali pake pa kazi. Mwili ukiuma na hujui kwa nini, sema hujui. 'Sijui' ni jibu kamili. Mtu mzima anayelicheka jibu hilo ni mjinga."

Nasifah aliinamisha kichwa. "Nimesikia, daktari."

"Na wewe, mzee, soma karatasi kabla ya kupiga kelele."

Jumamosi, tarehe 20 Januari, saa nne na dakika kumi asubuhi, Ziyad alisimama katika kituo cha boda boda cha Bwera mbele ya madereva kumi na mmoja. Alikuwa amemwomba Shafic aje kutoka Kinyamaseke. Jamidah alisema kwa sauti iliyosikika kwamba hakuanguka kwenye pikipiki ya Shafic, kwamba alimsingizia, na kwamba anaomba radhi. Madereva walitazama chini tena. Mwenyekiti wao alisema Shafic anaweza kurudi siku hiyohiyo.

"Nitafikiri," Shafic alisema. Kisha akamgeukia Jamidah. "Ndiyo huo mukono?"

"Ndiyo."

Jamidah alimpa mkono wa kulia, nao ukafika usawa wa kiuno. Shafic aliushika.