Mvumo Uliotolewa

Haya yalimpata jirani yangu, tunagawana ukuta. Asiyetaka kuamini asiamini, sitamfunga kamba.

Mchana ule jua lilikuwa kali na bibi huyu alikuwa uani akianika nguo za mjukuu wake. Mkwewe, mume wa marehemu binti yake, akaingia amekumbatia boksi kama mtoto mchanga.

"Kingine tena?"

"Hiki ndicho chenyewe, mama."

"Na cha juzi kilikuwa binamu yake?"

Mkwe huyo mtaani tulimwita Masikio. Sisi tunasikiliza muziki kwenye simu, tunaridhika. Yeye alikuwa na kigeuzi cha kutoa sauti safi kwenye kompyuta, amplifaya ya kusukuma hedifoni, na nyaya nene kama mkia wa ng'ombe. Sisi tukisikia wimbo, yeye anasikia mwimbaji akimeza mate.

Tangu mkewe afariki, muziki aliutupa. Akabaki na rekodi moja tu: mkewe akimbembeleza mtoto, siku ile ile aliyokutwa amekufa kitini, hana jeraha, mtoto mapajani. Wimbo unapoisha, marehemu ananong'ona neno. Neno limefunikwa na mvumo, ile shhh ya rekodi mbovu. Masikio alilitaka neno hilo. Hakuwepo mkewe alipokata roho, na jambo hilo lilimla.

Fundi wa redio alishamwambia, "Kaka, huo mvumo uache hapo hapo. Una kazi yake." Masikio akamcheka.

Basi akafunga mashine mpya ya kuondoa mvumo, akaketi kwenye kiti cha marehemu, akavaa hedifoni. Bibi akasimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Masikio akatabasamu. "Mvumo umeondoka wote, mama. Nasikia mpaka kiti kinavyolia."

Tabasamu likakatika.

"Kuna mtu mwingine anapumua."

"Si mtoto huyo?"

"Mtoto anapumua haraka. Huyu anavuta polepole. Yuko nyuma ya kiti."

Bibi akatazama nyuma ya kiti. Ukuta mtupu.

"Vua hayo madude, baba."

"Mama, hakuwa anambembeleza. Alikuwa anamzibia mtoto masikio kwa wimbo, asimsikie huyu." Akainua kidole. "Ngoja. Neno linakuja."

Akazibana hedifoni masikioni.

"Kasema nini?"

Masikio akashusha kidole. "Kasema, usisikilize."

Bibi akatazama kompyuta. Rekodi ilikuwa imefika mwisho, imesimama.

"Imeisha, baba. Vua."

"Wimbo umeisha. Pumzi bado."

Bibi si mtu wa kubembeleza. Akang'oa waya ukutani. Taa ya amplifaya ikazimika.

"Bado," akanong'ona Masikio. "Imesogea."

Bibi akazing'oa hedifoni kichwani mwa mkwewe. Masikio hakugeuka. Macho wazi, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza jambo zuri sana. Bibi akamgusa shingo.

Alikuwa ameshakufa.

Na mgongoni, mtoto aliyekuwa amelala akaamka. Akageuza shingo kutazama nyuma ya kiti. Akacheka.

Mashine bibi alizitupa zote shimo la taka, hakumpa mtu. Siku hizi redio ya bibi inashinda imewashwa katikati ya stesheni mbili, inatoa shhh kutwa kucha. Watoto wa mtaa wanamtania, "Bibi, leo taarifa ya habari inasemaje?" Anawatukana, wanakimbia. Redio haizimi. Umeme ukikatika, anambeba mjukuu na kumwimbia ule wimbo wa mama yake, kwa sauti kubwa, mpaka umeme urudi.

Juzi ulikatika asubuhi, ukachelewa. Bibi akaimba, akaimba, koo likamkauka. Katikati ya wimbo sauti ikampotea kabisa.

Wimbo haukukatika.

Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta, nachambua mchele. Nilisikia ukiendelea mpaka mwisho, polepole, kwa pumzi ndefu. Nikadhani ni yeye, mpaka aliponieleza mwenyewe.

Mtoto alikuwa amelala.