Meno ya Shangazi Edina

Sikusimuliwa hii. Aliyepatwa ni shangazi yangu wa damu, na mimi nilikuwepo. Jumanne yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: upepo, vumbi, watu wa mtaa wetu wa Kikuyu wanakunywa chai. Bibi Emilia alikuwa amefariki Jumapili, tukaenda studio kwa Shahil kuandaa picha kubwa ya msibani.

Bibi hakuwa na meno mawili ya chini, ya mbele. Aling'olewa usichanani, kama mabinti wengi wa Kigogo wa enzi zake. Alilipenda pengo lile. Alilipigia mluzi wa kuita mbuzi, akatemea ugoro humohumo. Hospitalini alinishika mkono: "Wewe ndiye unayejua kubishana. Wasinigeuze sura." Nikamwahidi.

Shangazi Edina aliitazama picha kwenye kompyuta, akakunja pua.

"Wakwe wa mwanangu wanatoka Dar. Waone tumezaliwa na kibogoyo? Shahil, ziba hilo pengo."

"Meno nitayatoa wapi, mama?" Shahil akacheka. "Kompyuta haizai."

"Chukua yangu. Si mama yangu?"

Akamtumia selfie aliyochanua mdomo wote. Jino lake moja la chini limemeguka pembe. Alilivunja akifungulia soda.

"Shangazi, hii ni aibu," nikasema.

"Nani kafiwa na mama hapa, mimi au wewe?"

Na mimi, mshindi wa midahalo chuoni, ninayenyamazisha wanaume jukwaani, nikanyamaza. Najichukia hadi leo.

Shahil akakata meno ya Shangazi, akayabandika kwa Bibi, akalainisha kingo. Akafuta makunyanzi, akang'arisha ngozi, mpaka Bibi akawa kama mwanasesere aliyepakwa mafuta ya kukaangia.

Alhamisi, siku ya maziko, kijijini Zuzu, saa saba mchana. Jua kali. Picha imesimamishwa mezani, inatabasamu. Shangazi alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga tangu asubuhi. Nilidhani ni kilio.

Foleni ya kuaga ikatufikia. Nikainama juu ya jeneza.

Mdomo wa Bibi ulikuwa wazi kidogo.

Chini, mbele, meno mawili.

Meupe. Yana mate.

Moja limemeguka pembe.

"Shangazi," nikanong'ona. "Toa khanga."

Akaishusha. Ufizi mtupu. Hakuna damu.

"Nimeamka hivi," akanong'ona, na kila neno likatoka na mluzi.

Nyuma yetu watu wakatusukuma tusogee. Tukasogea. Bibi akazikwa na meno yasiyo yake.

Wiki iliyofuata nikampeleka Shangazi kwa daktari wa meno. Daktari akaupapasa ule ufizi kwa kidole, akarudia.

"Mama, uling'olewa ukiwa mdogo sana? Hapa pamepona miaka sabini nyuma."

Shangazi ana hamsini na mbili.

Picha bado ipo ukutani Zuzu. Hakuna anayethubutu kuigusa, ndiyo maana juzi nilipanda kiti mwenyewe niitoe, nitimize ahadi yangu ijapokuwa nimechelewa. Penye mdomo wa Bibi, kioo kilikuwa na doa la kahawia linalochuruzika. Nikalifuta kwa kitambaa. Halikutoka. Nikalisugua kwa kucha. Halikutoka.

Nikafungua fremu. Doa lilikuwa upande wa ndani.

Nikalinusa. Ugoro.

Bado ulikuwa na joto la mdomo.