Zisis, Yaani Utaishi

Evanthia alisimama mbele ya meza ya zeituni, sokoni Kapani, mjini Thesaloniki, koti lake la manjano limelowa mvua.

"Onja kwanza, mrembo," muuzaji akamwambia, akimnyooshea kijiko.

"Unaitwa nani, mwenye maneno matamu?"

"Zisis."

Evanthia akacheka. "Si jina la mababu wa kijijini hilo?"

"Ndiyo. Maana yake 'utaishi'. Mama alizika wavulana watatu kabla yangu. Zamani kwetu, misiba ikizidi, mtoto aliyefuata aliitwa hivyo ili kifo kimpite."

Evanthia akaacha kucheka, akanunua robo kilo. Kesho yake akarudi, ingawa zeituni za jana alikuwa hajazigusa.

Wakapendana. Evanthia alishona magauni ya maharusi huku simu ikilia kila saa.

"Umekula, roho yangu?"

"Nitakulaje nawe huachi kupiga?"

Siku moja akapiga yeye. "Zisis, nina mimba."

Simu ikakatwa, na tangu hapo Zisis hakupokea tena. Kwenye meza ya zeituni akamkuta mtu mwingine.

"Kumbe mwanaume suruali," akajisemea, na tumbo akalilea peke yake.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mwepesi kama mkate. Daktari alipotikisa kichwa, Evanthia akatuma ujumbe: *Mwanao anakufa. Njoo au usije.*

Zisis alifika akihema, ndevu zimemjaa. "Nilikwenda kumuuliza mama kaka zangu waliuawa na nini. Hajui. Nikaogopa kwamba ni damu yangu, nikashindwa kukuambia."

"Miezi minne, Zisis! Si ungeogopa ukiwa hapa?"

Kasisi alikuwa mbali, na mtoto hajabatizwa. Muuguzi akawaambia kwa upole, "Mnyanyueni wenyewe hewani mara tatu badala ya maji, mumtaje jina. Yatosha."

"Mpe lako," Evanthia akasema.

"Jina la baba aliye hai? Huo mkosi."

"Mkosi gani umebaki?"

Zisis akamnyanyua mtoto mara tatu. "Anabatizwa mtumishi wa Mungu, Zisis."

Mtoto aliishi hadi Alhamisi adhuhuri.

Walipomaliza kuzika, Zisis akasema kwa sauti iliyokauka, "Evanthia, nikubalie nikuoe."

Evanthia alikuwa akikwangua matope viatuni. "Leo usiniulize. Niulize Jumapili, kama bado utakuwepo."

Kisha akamshika mkono, wakashuka ngazi za makaburini.