Ngozi ya Mtemi

Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni ya mdogo wangu, soda mkononi, kidole nimekielekeza kwenye kioo, nikitangaza kwa sauti ya mtu aliyevuka mipaka mingi, "Haya, tazameni sasa, huyo maiti ni mimi," ndipo Eliza, binti wa mdogo wangu, aliposema taratibu, "Baba mkubwa, mbona huyo maiti ana kovu la baba?"

Nyumba nzima ikasogea. Kovu lilikuwepo, juu ya nyusi ya kushoto, pale mdogo wangu Obadia alipopigwa kwato na punda akiwa na miaka saba. Mimi sina kovu. Nina pua, na pua yangu haijifichi hata kaburini.

Miaka ishirini na sita nilikuwa nauza uongo ule. Niliusimulia Kigali, nikausimulia Lubumbashi, nikawasimulia maofisa forodha pale Tunduma ili wanione mtu wa maana: kwamba katika *Mbiu ya Mtemi*, ile tamthilia ya kihistoria iliyopigwa picha hapa kwetu Mtinko, mimi Hezekia Samweli ndiye niliyelala kama mtemi aliyekufa, nikalala vizuri hata mwongozaji akafuta machozi. Kipindi chenyewe sikuwahi kukiona. Kilipokuwa kinaonyeshwa, watu wakiacha ugali upoe kwa ajili yake, mimi nilikuwa barabarani. Ningejuaje kwamba siku moja wangekirudisha kila Jumapili jioni, na kukiweka mtandaoni juu yake, mtu akitazame hata akiwa kisimani?

Ukweli ni huu. Nilichaguliwa, na jina langu likaandikwa kwenye daftari la karani wao. Lakini asubuhi ya kupiga picha nilipanda kule mlimani kwenye mawe, nikaliona kaburi. Halikuwa la maigizo. Vijana wa kijiji walikuwa wamelichimba kama wanavyochimba siku zote, urefu wa mtu. Miguu yangu ikajiuzulu. Nikamfuata Obadia, wakati huo ana miaka kumi na tisa, nikamwambia anishikie nafasi. "Kazi ni kulala tu," nikamwambia. "Wala huongei." Jioni nilikuwa Mkiwa nadandia lori la Kigali, nikaanza utingo, baadaye udereva. Nchi zote saba ninazozijua nilizijua kwa kulikimbia shimo moja.

Basi walicheka, na aliyecheka kuliko wote ni Obadia, ambaye alinitunzia siri ile miaka yote bila kunisimanga hata siku moja. Kwenye kioo walikuwa wanamviringisha katika ngozi mbichi ya fahali mweusi, akina mama wanalia, udongo wa kwanza unaanguka. Hapo Kristina, mke wake, akainua uso, akanusa.

Akauliza kama mvua inanyesha.

Ilikuwa Oktoba. Mtinko mwezi wa Oktoba ni upepo na vumbi, na mbuzi wanaotafuna maboksi. Kristina akatoka kwenda kuanua alizeti uani, akarudi, akasema kukavu, nyota zote ziko nje. Lakini harufu ya udongo uliolowa ilikuwa mle ndani, imekaa nasi kama mgeni. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anajifuta midomo kwa kiganja, anakitazama kiganja, anajifuta tena.

Asubuhi Kristina aliniita jikoni. Akanionyesha shuka walilolalia. Lilikuwa na nywele, fupi, ngumu, nyeusi. Nikamtania kwamba huenda mume wake anazeeka vibaya. Hakutabasamu. "Shemeji," akasema, "hizi ni nywele za ng'ombe. Sisi hatuna ng'ombe mweusi."

Wiki ile Mtinko nzima ilikuwa inarudia msiba wa mtemi. Si kwa ubaya. Wale akina mama waliolia kwenye tamthilia walikuwa mama zao na bibi zao, karibu wote wamekwishakufa, na sasa mtu alikuwa anaweza kumwona marehemu bibi yake akiwa na nguvu zake, anatembea, anapaza sauti. Kwenye mashine ya kusaga walirudia. Kwenye kibanda cha chipsi walirudia. Mwanamke mmoja nilimkuta njiani ameishikilia simu kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka, analia, anarudisha nyuma, anaanza tena. Utamwambiaje mtu kama huyo aizime?

Na kila kilio kilipopanda kwenye simu ya jirani, Obadia alishika kifua. Kristina ndiye aliyeliona hilo. Mimi nililikataa mpaka siku ya mnada, saa saba mchana, jua limesimama utosini, tukiwa katikati ya mbuzi, kijana mmoja nyuma yetu akafungua simu yake, kilio kikaanza, na mdogo wangu akapiga magoti kama mtu aliyewekewa gunia mgongoni, akafungua mdomo, akatema udongo. Si mate yenye vumbi. Udongo, donge zima, mwekundu, umelowa. Na pale mnadani ardhi ni ya kijivu, haijaonja maji tangu Aprili.

Tukamrudisha nyumbani. Kuanzia siku ile hakusimama tena.

Kisha likaja jembe. Tulikuwa sebuleni mchana, Eliza anamnywesha uji baba yake, tukasikia chini ya sakafu jembe linakula ardhi, tc, linapumzika, tc, linapumzika, polepole, kazi ya mtu asiye na haraka. Nikatoka nje nikazunguka nyumba nzima, nikitumaini nitamkuta jirani anachimba choo nimtukane nifurahi, na nje hapakuwa na mtu, upepo tu unasukuma mifuko ya plastiki kwenye michongoma, nikarudi ndani nikalaza sikio kwenye saruji, mimi niliyezoea kusikiliza injini na kujua chuma kipi kinakufa, na sikio likaniambia jambo ambalo sikuwaambia wenzangu, kwamba anayechimba hakuwa anashuka, alikuwa anapanda.

Mwinjilisti alikuja, akaomba hadi shati likalowa. Akaondoka, jembe likaendelea. Sisi ni Walutheri, lakini mtu akishaanza kutema udongo, dhehebu linasubiri nje. Nikaenda kumleta shehe Alute, mzee mpole, fundi wa baiskeli, ambaye watu wenye majini walikuwa wanampelekea wagonjwa hata kutoka Mwankoko.

Alikaa kwenye kigoda karibu na godoro akasoma muda mrefu, sauti ya chini. Obadia alitulia, macho yamefumba, ngozi ya uso imekuwa na rangi ya majivu. Kisha shehe akamuuliza aliyemo, kama wanavyoulizwa wote, jina lake nani.

Midomo ya mdogo wangu ikafunguka, ikatoka sauti isiyokuwa yake. Ilikuwa yangu. Si hii ya sasa yenye kikohozi cha dizeli, ile ya ujana, yenye maringo.

"Hezekia mwana wa Samweli."

Shehe akauliza nani aliyemtuma.

"Sikutumwa. Niliitwa. Nilililiwa kwa jina hilo, nikachimbiwa, nikatandikiwa ngozi. Mwili haukuletwa. Nauchukua huu uliolala."

Eliza aliangusha kikombe. Kristina hakunitazama kwa hasira, na ningependa angenitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha njia.

Shehe Alute akafunga kitabu chake, akakibusu. Akaniambia polepole kwamba yeye huwafukuza wavamizi, na huyu hakuvamia. Nyumba ikijengwa, ikapewa jina, ikaachwa tupu, haikosi mpangaji. "Nitamtoaje," akasema, "kwa jina la mtu ambaye amekaa hapa ananitazama? Nenda kwa aliyekulilia."

Aliyekuwa amebaki ni mmoja, bibi Agripina. Kwenye tamthilia ndiye aliyekuwa anatangulia kilio. Nilimkuta kwenye kivuli cha nyumba yake anachambua vitunguu, umri umemkunja hadi kidevu kinakaribia magoti. Nikainama, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Kisha akayainua, yakakaa kwenye pua yangu.

"Wewe ndiye marehemu," akasema.

Alinieleza bila kunionea huruma. Siku ile waliambiwa walie kama wanavyomlilia mtu wao. Na kwetu hatulii hewani. Marehemu anaitwa kwa jina lake na la baba yake, anaambiwa njia imefunguka, aende, alale. Wakamuuliza karani wanamlilia nani. Karani akafungua daftari, akasoma jina. Kwamba mtemi alikuwa na jina lake kwenye maandishi ya tamthilia, hakuna aliyewaambia, na wao hawakuwa watu wa kusoma. Wakaniita. Yule mwongozaji alikuwa haridhiki, kila mara anasema turudie, basi waliniita mara kumi na moja. Jua lilipozama Obadia akatolewa, ngozi ikaachwa chini ikiwa tupu, shimo likafukiwa juu yake, magari yakaondoka. Msiba ulifunguliwa, haukufungwa. Hakuna aliyenyolewa, na mfiwa asiponyolewa hajatoka msibani.

"Alikuwa amelala huko chini," akasema. "Sasa mnamwamsha kila siku na hivyo visimu vyenu."

Nikamuuliza dawa.

Kaburi lifunguliwe, akasema. Yeye ataita kama alivyoita. Mwenye jina aitikie.

Kila mtoto aliyelelewa na bibi anajua kwamba ukiitwa kutoka mahali pasipo na mtu, huitikii. Unakaza meno. Unaacha sauti ipite.

"Na nisipoitikia?"

Akachukua kitunguu kingine. "Atatosheka na yule aliyelala."

Kesho yake mchana tulimpandisha Obadia mlimani, tumemlaza kwenye blanketi, mimi na shehe mbele, Kristina na Eliza nyuma, na alikuwa mwepesi, mwepesi vibaya, kama ambaye sehemu yake ilikwishatangulia. Agripina alikuwa ameketi juu ya jiwe na wembe wake kwenye kitambaa. Nikachimba. Upepo wa Singida ulikuwa unanipiga vumbi la macho, chini kule kijijini simu fulani ilikuwa inalia kile kilio, na kila nilipoinua jembe nilisikia jembe jingine linanijibu kutoka chini, tc, kwa tc, kama tunafanya kazi ya ushirika, hadi shimo lilipofika kifuani nikawa nachimba huku naomba kwa lugha zote za mpakani, na hapo jembe langu likagusa kitu laini na lile jingine likanyamaza.

Ilikuwa ngozi. Miaka ishirini na sita chini ya ardhi ya mchwa ilipaswa kuwa unga. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, mbichi, inanuka damu ya asubuhi. Ilikuwa imeviringishwa juu ya kitu kirefu kama mtu. Nikaiwekea mkono. Ina joto, lile joto la kitanda ambacho mwenyewe ameinuka sasa hivi, au anajiandaa kuinuka.

Nilitoka shimoni bila kukumbuka nimetokaje. Agripina akasimama, akaweka mkono kichwani, akaita.

Sauti ile haikuwa ya bibi kizee. Ilikuwa ya mwanamke wa kwenye kioo. Hezekia, mwana wa Samweli, njia imefunguka. Nikaangalia chini, nikaiona barabara, nikaona lori linapita, dogo kama kiberiti, linaelekea mjini, na miguu yangu ikanikumbusha kwamba inaijua njia. Akaita mara ya pili. Ngozi mle ndani ikajikunja kidogo, kama mtu anayesikia lakini bado ana usingizi. Nikamtazama mdogo wangu. Mdomo wake ulikuwa umejaa udongo hadi kwenye meno, macho wazi, na alikuwa ananitazama, na kwa nguvu yote aliyobakiwa nayo alikuwa anatikisa kichwa, hapana, kaka, hapana.

Ananikataza. Mimi niliyemwambia kazi ni kulala tu.

Akaita mara ya tatu.

"Naam," nikasema.

Upepo ukakatika. Nimezaliwa Mtinko, sijawahi kuusikia mlima ule ukiwa kimya, hata jani. Mle shimoni ngozi ikashuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyetoa pumzi ndefu, ikalala bapa juu ya udongo, tupu. Nyuma yangu Obadia alikuwa anatapika, anakohoa, anavuta hewa kwa kelele kama bomba la maji lililokaa miezi bila kutoa kitu, na Kristina anamfuta, anamwita, anamfuta.

Tulifukia. Shehe akasoma, sisi tukasema Baba Yetu. Kufikia jioni Obadia alikuwa ameketi akiegemea jiwe, anauliza nyumbani kuna mlenda, na Eliza analia na kucheka kwa pamoja. Agripina akafungua kitambaa chake ili aufunge msiba. Akamnyoa Obadia. Akamnyoa Kristina. Akamnyoa Eliza, aliyekuwa amesuka juzi na hakulalamika.

Nikavua kofia, nikapiga magoti mbele yake, nikainamisha kichwa. Nilisikia wembe ukifutwa, mara moja, mara mbili, halafu kitambaa kikikunjwa. Hakuna mkono ulionigusa. Pale nilipokuwa nimeinama, kutoka kwenye kola ya shati langu, ilikuwa inapanda harufu ya udongo uliolowa.

"Mama," nikasema, "umenisahau mimi."

Alikuwa amekwisha kunipa mgongo, anaokota fimbo yake.

"Marehemu hanyolewi."