Viatu Gani?

Nyachuol alikuwa akikoroga uji nyumbani kwao, kambini Kakuma. Simu ya mumewe, Ruot, ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Ngugi, msimamizi wa vibarua wanaofyeka vichaka vya mathenge, mti wa miiba. "Leo kila mtu aje na viatu."

Ruot akavaa slipa zake.

"Baba Nyaboth, unaenda na hizo?" Nyachuol aliuliza.

"Wamesema viatu. Hizi si viatu?"

Nyachuol akarudi kukoroga uji.

Saa nne jirani yao Abang, kibarua mwenzake Ruot, alikuja mbio. "Nyoka amemuuma Ruot mguuni! Tumempeleka hospitali."

Nyachuol alikimbia hadi hospitali. Alimkuta Ruot kitandani, mguu umevimba hadi gotini, fizi zikitoa damu. Akifa, watoto atawaambia nini?

Muuguzi Chepngetich alikuwa akimwekea dripu ya dawa. "Heri mmemleta upesi, bila kumchanja wala kumfunga kamba," alisema. "Lakini mbona hakuvaa viatu?"

"Alivaa, sista." Nyachuol akamwonyesha slipa.

Chepngetich alizitazama, akashusha pumzi. "Mama, viatu ni jina la vyote. Slipa ni viatu. Akala za tairi ni viatu. Raba pia. Gambuti ni jina la aina moja tu, vile vya mpira vinavyofika karibu na goti. Kichakani ni hizo zinazofaa. Mtu akisema viatu tu, kila mmoja atavaa alivyo navyo."

Siku mbili Nyachuol hakupata usingizi. Kila Ruot alipokohoa, alimshika kifua kuona kama bado anapumua. Siku ya tatu damu ikakoma. Hapo ndipo alipokwenda kwa Ngugi.

"Lakini mimi niliandika viatu!" Ngugi alijitetea.

"Na yeye alivaa viatu. Andika gambuti. Na asiye nazo, mpeni."

Ngugi akausoma tena ujumbe wake. "Ni kweli, mama. Nisamehe."

Wiki iliyofuata gambuti zililetwa kazini, na ujumbe ukabadilika: "Vaa gambuti. Slipa, akala na raba, hapana."

Siku ya nne baada ya hapo Abang alipita kwa Nyachuol akiwa bado na gambuti za kazini. Nyoka alikuwa amemgonga mguuni.

"Vua!" Nyachuol alipaza sauti.

Kwenye mpira wa gambuti palikuwa na alama mbili za meno. Nyachuol aliushika mguu wa Abang, akaukagua kwa vidole, mbele na nyuma, mara mbili. Ngozi ilikuwa nzima.