Kila Mita kwa Miguu Yetu

"Saa tatu nzima, Noella. Nimekaa hapa saa tatu nakungoja."

Ndiyo salamu aliyopewa, na mlango hata hajaufunga. Maji yanamchuruzika kutoka kwenye kofia mpaka kwenye mkeka wangu, midomo imekuwa ya bluu, goti la kulia limefura kama mkate uliotiwa hamira. Na mchumba wake, Weston, amekaa mezani kwangu na soksi kavu miguuni, anakula bakuli la pili la supu ya njegere.

Walikuwa Wamarekani hawa, wa Lewiston kule Maine. Walivuka mpaka kwa baiskeli waje kuizunguka rasi yetu hii yote ya Gaspé kwa siku ishirini, halafu warudi kwao wafunge ndoa tarehe kumi na mbili Septemba. Kadi zilishatumwa. Mimi hapa Grande-Vallée nina vyumba viwili vya wageni huko juu, na waendesha baiskeli nimewapokea miaka mingi mno. Wote wawili walisema Kifaransa walicholelewa nacho na bibi zao, kwa hiyo ugomvi wao haukunipita hata neno.

"Wes, mvua ilikuwa..."

"Mvua imeninyeshea na mimi."

"Goti langu haliwezi tena..."

"Goti, goti. Tangu tulipopita Matane wimbo ni goti. Tulikubaliana nini?"

Noella akafunga mlango.

"Sema. Tulikubaliana nini?"

"Kila mita kwa miguu yetu."

"Hakuna gari, hakuna basi. Watu mia sita wanatufuatilia kila siku kwenye ukurasa wangu. Unataka niwaandikie kwamba mchumba wangu ameshindwa na kilima?"

Nikamvutia binti kiti. "Kaa, mwanangu. Tuvue viatu."

Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, kamba hazifunguki. Nikapiga magoti na uzee wangu huu nikazifungua mimi. Maji yakamwagika humo ndani kama nimeinamisha jagi. Kwangu kiatu cha mwendesha baiskeli kikiingia kimelowa nakijaza magazeti, yanakunywa maji usiku kucha, asubuhi mtu anavaa anaendelea na safari. Nilikuwa na bunda la magazeti tayari pembeni.

Noella akalivuta. Anatetemeka, lakini akaanza kukunja karatasi.

"Bibi, nipe na viatu vya Wes nimjazie."

Hapo ndipo nilipokasirika. Tangu saa nne na nusu asubuhi nilikuwa nimejua jambo, nikaamua kunyamaza, nikijiambia ya wageni ni ya wageni. Lakini kumwona mtoto yule, goti kama lile, anataka kumhudumia mtu aliyekuwa anamfokea, ulimi ukanitoka.

"Vya mwenzio havihitaji magazeti."

"Kwa nini?"

"Ni vikavu. Alifika navyo vikavu."

Kijiko cha Weston kikasimama.

"Vimekaukia kwenye jiko la kuni," akasema.

"Hilo jiko sijaliwasha tangu jana," nikamwambia. "Kuni zimeniishia. Nangoja za Réjean."

 Noella akaingiza mkono kifuani, akatoa simu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Mimi nimekuandikia: 'Uko wapi? Sijakuona ukinipita. Goti limevimba, nasukuma baiskeli.' Wewe ukajibu: 'Nilikupita ulipokuwa umejikinga mvua. Niko mbele. Nimelowa mpaka mifupa. Kanyaga tu mpenzi, usitutie aibu.'" Akainua macho. "Saa nne na dakika kumi. Ulikuwa wapi saa hiyo?"

"Barabarani."

"Juu ya nini?"

"Unaniuliza swali gani hilo?"

"Nimekuuliza ulikuwa juu ya nini, Wes."

Mlango wa nyuma ukasukumwa kwa teke. Réjean, jirani yangu, kaingia na mzigo wa kuni mpaka kidevuni.

"Bibi Zénaïde, kuni zako hizi. Za juu zimelowa kidogo, za chini zinawaka." Akazimwaga kwenye sanduku, akajifuta, akamwona Weston. "Eh, kijana wangu. Umeshapata joto?"

Weston akainamia bakuli. Réjean akageuka, akamwona Noella.

"Na dada wa mlimani ndiye huyu. Unisamehe sana, dada yangu. Nilikurushia maji pale Madeleine, lile dimbwi sikuliona."

"Lori jekundu," Noella akasema.

"Ndilo. Nilipunguza mwendo nikuchukue na wewe, nikamuuliza bwana huyu, yule si wa kwenu? Akasema mwache, anapenda kumaliza mwenyewe. Mimi nikadhani mmekubaliana hivyo."

 Réjean akatutazama mmoja mmoja, akavua kofia yake.

Noella akasimama kwa mguu mmoja, mkono ameshika ukingo wa meza.

"Ulikuwa ndani ya lile lori."

"Noella, sikiliza. Siku ya tisa hii ya mvua. Pale Manche-d'Épée nilipokuambia utangulie nikaze breki, nilikuwa nimechoka. Nimechoka kweli. Huyu mzee akasimama mwenyewe, mimi sikumsimamisha."

"Sikukuuliza hayo. Uliniona?"

"Ni kilomita thelathini na mbili tu kati ya..."

"Uliniona nikisukuma?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuona."

"Ukafanya nini?"

Akajibu Réjean, na nadhani hakutaka kujibu, ila mtu yule hajawahi kujua kudanganya.

"Aliinama. Alisema anafunga kamba za kiatu, na baiskeli yake ilikuwa nyuma chini ya turubai."

Noella akacheka, kicheko cha pumzi moja tu. "Uliinama ili nisikuone. Halafu ukiwa umekaa humo kwenye joto ukaniandikia umelowa mpaka mifupa. Na nimeingia hapa unanifokea."

"Niliona aibu. Ungeniona ningekuambia nini, na sheria niliiweka mimi?"

"Ungeniambia panda."

"Ningekuwa nimevunja..."

"Ungeniambia panda, Noella. Maneno mawili."

Weston akasukuma bakuli. Uso ukambadilika, nikadhani sasa anampigia magoti. Kumbe anatafuta koti lake la mvua.

"Nitalirekebisha," akasema. "Sasa hivi. Narudi mpaka pale nilipopandia, naiendesha njia yote upya. Kila mita. Jioni itakuwa halali kabisa, hakuna mtu atakayeweza kusema lolote." Akamgeukia Réjean. "Unarudi kule?"

"Narudi kuchukua mzigo wa pili," Réjean akasema. "Lakini kijana, mimi ningekuwa wewe ningekaa hapa hapa."

"Nipeleke tu."

"Wes," Noella akaita.

"Utaona. Nitalimaliza jambo hili."

Akatoka. Nikasikia baiskeli ikirushwa juu ya lori, injini ikanguruma, wakaenda. Saa nane mchana.

Nikawasha jiko. Nilikuwa nagonga kuni zile kwa hasira mpaka cheche zikaruka sakafuni. Nikampa Noella nguo zangu kavu, nikamfunga goti kwa kitambaa cha baridi, nikamwekea supu na mkate na siagi. Akala vyote. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwanangu," nikamwambia, "basi la kwenda Rimouski linapita hapo barabarani saa kumi na moja. Baiskeli wanabeba."

"Nimekusikia, Bibi."

"Mimi sikufukuzi."

"Najua. Lakini kadi zimetumwa, mama yangu ameshona gauni kwa mkono wake. Siwezi kuvunja ndoa kwa sababu ya hasira ya siku moja." Akazungusha kikombe. "Nitamngoja. Nataka nisikie akirudi atasema nini kwanza. Akiniuliza tu habari ya goti, nabaki."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Siombi kingine."

Nilimwona anajiuza rahisi mno, lakini nikafunga mdomo. Moyo ni wake.

Saa tisa na nusu simu ikalia. Akaisoma, akanisogezea na mimi nione.

"Kilomita 11. Mvua kali, upepo usoni. Nafanya hivi kwa ajili yetu."

 Aliilaza simu kifudifudi, akaenda kupanga mifuko yake ya baiskeli, polepole, huku anachechemea. Nilitaka kumsaidia akakataa.

Saa kumi na dakika arobaini Weston akaingia. Amelowa kweli safari hii, meno yanagongana, tope mpaka masikioni. Na anatabasamu. Nakuapia anatabasamu, kama mtu aliyeleta zawadi.

"Thelathini na mbili nukta nne," akasema. "Imekamilika. Nimepiga picha kila kibao, hakuna mita iliyoruka."

Noella alikuwa amekaa karibu na jiko. Akamngoja kidogo, huenda kuna neno jingine linakuja.

"Sasa tuko sawa," Weston akasema. "Bibi, supu imebaki?"

Nikamgeuzia mgongo. Ningemjibu ningemjibu vibaya.

"Pale kwenye kona, juu ya Madeleine," Noella akasema, "kuna kibanda cha samaki wa moshi. Kimefungwa, kina paa la bati. Ulikiona?"

"Sikuona. Nilikuwa naangalia lami."

"Lori liliponipita nilikaa chini ya paa lile nakungoja. Hukutokea. Nikadhani umeteleza, umeanguka bondeni, breki si ulisema mbovu. Nikageuza baiskeli, Wes. Na goti hili. Nilirudi nyuma kilomita mbili nakuita jina, naangalia kila mtaro. Ndipo meseji yako ikaingia kwamba uko mbele, nisikutie aibu."

Tabasamu likamwisha.

"Hukuniambia kama ulirudi."

"Hukuniuliza."

"Noella, nimeirekebisha. Nimekufa baridi huko kwa ajili ya kuirekebisha. Unataka nini zaidi?"

"Leo umerudi kilomita thelathini na mbili kwa ajili ya lami," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kioo chako, ukainama."

"Nilikosea. Nimekubali nimekosea."

"Ulichokubali ni kwamba uliruka mita."

"Kwa hiyo unataka nikawaambie watu wote ukweli? Nitawaandikia. Naandika sasa hivi." Akatoa simu. "Nitasema nilipanda lori, halafu nikarudi nikaimaliza. Watanielewa."

Noella akamwangalia anavyohangaika na kioo kilicholowa. Halafu akashika pete ya uchumba kidoleni, akavuta. Haikutoka. Baridi na maji ya siku tisa vilikuwa vimemvimbisha mikono, pete imezama kwenye nyama. Akavuta tena kwa nguvu mpaka ngozi ikawa nyekundu. Weston akaacha kuandika.

"Noella, usifanye hivyo. Tafadhali."

Nje, kule juu barabarani, basi likapiga honi kwenye kona.

"Bibi," akaniita bila kunigeukia, "una sabuni ya vyombo?"

Nikamletea chupa nzima.