Tundu la Nne

Jirani yetu mmoja, mpiga gitaa tuliyemzoea kwa jina la Mama Nyuzi, alitoka asubuhi moja kwenda kununua amplifaya. Hakuwa na wasiwasi wowote. Bendi kubwa ilikuwa imemwita kwa majaribio, na kile kispika chake cha plastiki kilikuwa kinakoroma kama mtu mwenye mafua.

Muuzaji alikuwa mpiga gitaa mstaafu aliyeishi peke yake nyuma ya ghala la mbao. Hakumpa hata kiti. Amplifaya ilikuwa sebuleni, imegeuzwa uso ukutani. Ilikuwa ile ya zamani, ya taa: vichupa vya kioo vinavyowaka kwanza ndani ndipo sauti itoke. Nembo ilikuwa imebanduliwa kwa bisibisi, yamebaki machubuko tu.

"Hii ni ya kampuni gani?" Mama Nyuzi aliuliza.

"Unanunua au unahoji?"

Akanunua. Alipokuwa akiikokota kuelekea mlangoni, mzee yule alijibana ukutani kama mtu anayempisha mbwa mkali.

Fundi aliyezijua taa alikuwa mmoja tu mjini, na kwa bahati mbaya alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Tangu mazishi, wawili hao walisalimiana pale tu watu walipowatazama.

"Leo umekumbuka kuna shemeji," fundi alisema bila kuinua macho.

"Nimekumbuka kuna fundi."

Akafungua mgongo wa amplifaya, akamulika tochi. Alisoma namba za transfoma, akafuata nyaya kwa kidole, akagongagonga chuma kwa ukucha. Chuki yote ikamtoka usoni kwa muda.

"Hii haina kampuni," alisema. "Transfoma imetoka kwenye redio ya kizamani, boksi lilikuwa kabati la nguo. Kuna mtu aliiunda kwa mikono yake." Akanyamaza. "Na kuna mtu mwingine aliifunga."

Matundu ya taa yalikuwa manne. Matatu yalikuwa na taa zake. La nne lilikuwa limezibwa kwa nta nyeusi, na ndani ya nta zilionekana nywele.

Mama Nyuzi akampigia muuzaji simu palepale.

"Ulinunua taa tatu," mzee alijibu. "Hapo pa nne mwache alale."

"Nimwache nani?"

Simu ikakatwa. Fundi alikuwa amesikia yote.

"Kasema mwache, au iache?"

"Wivu tu. Wakizeeka wote wanakuwa hivyo. Toa nta, weka taa. Nataka nguvu yake yote."

"Shemeji, hii mimi siipendi."

"Kaka yako angekuwa ameshaitoa."

Fundi akakaza taya. Akachukua kisu na kuikwangua nta yote, nywele zikadondoka miguuni pake. Halafu akafanya kazi kama mtu anayegombana: kapasita zilizokauka zikatoka, waya wa umeme ukabadilishwa, spika mpya ikafungwa. Mwisho akatoa taa moja kwenye sanduku lake, akaichomeka kwenye tundu la nne.

Ilikuwa mchana kweupe, mlango uko wazi, watu wanapita. Mama Nyuzi akachomeka gitaa lake, akazipiga nyuzi zote kwa mpigo mmoja. Sauti ikajaa karakana, nene na tamu, hata mshona viatu wa ng'ambo ya barabara akainua kichwa. Shemeji mtu akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mama Nyuzi akachomoa waya kwenye gitaa ili aondoke.

Spika haikunyamaza.

Mtu alikuwa anahema ndani yake.

"Imenasa redio," Mama Nyuzi alisema.

"Redio haihemi."

Kisha sauti ya mwanamume, kavu, ya karibu mno: "Nani ana mikono yangu?"

Fundi akazima swichi. Taa tatu zikafifia. Ya nne ikabaki. Akang'oa waya ukutani. Ya nne ikazidi kuwaka.

"Nimeuliza."

"Usijibu," fundi alinong'ona.

Mama Nyuzi alitaka kukimbia. Vidole vyake vya kushoto vilikataa. Vilijikunja vyenyewe, vikalishika gitaa kooni, vikakandamiza. Havikuwa vikipiga muziki. Vilikuwa vinabana. Uzi ukakatika. Damu ikatiririka hadi kwenye kiwiko.

"Siyo hii," sauti ikasema, kwa dharau. "Ni midogo."

Mlango ukajifunga. Nje, mshona viatu aliendelea kugonga msumari, kana kwamba hakuna kitu.

"Shemeji," Mama Nyuzi alilia. "Shemeji, nisaidie!"

Fundi hakutafuta kitambaa. Aliingiza mkono wa kushoto mtupu, akaikamata ile taa, akaing'oa. Haikuwa ya moto. Alisema ilikuwa baridi, baridi ya kuunguza, na kwamba kabla haijatoka ilimshika na yeye.

Kimya. Vidole vya Mama Nyuzi vikaachia.

Waliivunja taa kwa nyundo. Jioni hiyo wakairudisha amplifaya kwa mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi, sebule imefagiliwa, mzee hayupo wala kiti chake. Wakaiacha pale imetazama ukuta, wakaondoka bila kugeuka.

Majaribio Mama Nyuzi alishinda, kwa amplifaya ya kuazima. Na shemeji yake wakapatana. Siku hizi humpelekea chai karakanani, wakacheka kama ndugu. Mkono wa fundi ulitoka ngozi yote, ukaota mpya.

Juzi fundi alinyoosha kiganja amwonyeshe kilivyopona.

Mama Nyuzi akakishika, akakigeuza kwenye mwanga. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto. Lakini ncha za vidole vinne zilikuwa na sugu, ngumu, nzee, zenye mifereji myembamba ya nyuzi. Sugu za miaka mingi.

Na shemeji yake hajawahi kushika gitaa maishani mwake.